Nani Atamwagilia Zege?

Mbiu ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ikishalia, watu hufika kabla jua halijawa kali: akina mama na ndoo za maji kichwani, vijana na makoleo na makarai, mtendaji na daftari lake la mahudhurio. Kufikia saa sita msingi umechimbwa au jamvi limemwagwa, na kazi ambayo mkandarasi angeilipisha fedha nyingi imekwisha kwa jasho la kijiji. Nguvu hiyo si ya kubeza. Uchagani ndiyo iliyotunza mifongo, yaani mifereji ya maji, kizazi baada ya kizazi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari uanze mwaka 2004, ndiyo iliyoinua kuta nyingi za shule za kata.

Lakini Tanzania hiyohiyo imejaa maboma: kuta zilizofika kwenye lenta zikakwama miaka, majani yakiota ndani, zikisubiri bati. Ni rahisi kusema wananchi wamechoka kujitolea. Mimi naona kasoro iko kwenye mpango. Katika andiko la mradi, nguvu za wananchi hupewa thamani ya shilingi na kuingizwa kwenye safu ya michango, basi. Zitumike kwa kazi ipi, lini, na chini ya nani, mara nyingi hakuna aliyeandika.

Tuchukue zege. Kipimo kimoja cha saruji, viwili vya mchanga, vinne vya kokoto, na maji ya kiasi. Jua likipanda mchanganyiko huanza kukaza, mikono imechoka, na mtu mwenye nia njema huongeza ndoo ya maji ili koleo lipite vizuri. Kazi inakuwa nyepesi, ila zege limeshapungua nguvu, na hakuna atakayelitambua hilo hadi sakafu ianze kumomonyoka chini ya madawati. Fundi mmoja aliyezungukwa na umati hawezi kulinda kila rundo.

Kesho yake ndipo penye mtihani mkubwa zaidi. Zege hukomaa kwa unyevu. Likiachwa likaushwe na jua, hupasuka na kubaki dhaifu. Linataka kufunikwa kwa magunia au mchanga na kumwagiliwa walau siku saba, na nguvu yake kwa kawaida hupimwa siku ya 28. Siku ya kumwaga kijiji kizima kilikuwepo. Siku ya pili, nani ana zamu ya ndoo?

Umati upangiwe kazi zinazofaa umati: kuchimba msingi, kusomba mawe, kuchota maji, kusogeza tofali. Kupima kona, kusuka nondo na kuchanganya zege la mkanda apewe fundi na wasaidizi wachache waliofundishwa. Mchanga na kokoto vifike kabla ya watu. Zamu za kumwagilia zigawiwe vitongoji, majina yaandikwe. Kalenda nayo iheshimiwe: anayeitwa wakati wa palizi anaacha chakula cha watoto wake shambani.

Zaidi ya yote, fedha zihesabiwe hadi mwisho. Mwaka 2021, Serikali ilipotumia sehemu ya shilingi trilioni 1.3 za mpango wa UVIKO-19 kujenga madarasa 15,000, kila darasa lilitengewa shilingi milioni 20. Hesabu ilikuwa ya darasa zima, wala haikuishia kwenye kuta. Mradi unaotegemea nguvu za wananchi unastahili hesabu kamili kama hiyo, maana wananchi ndio wanaotangulia kulipa.

Kwa hiyo kila anayeandaa mradi wa namna hii ajibu maswali matatu mbele ya mkutano wa kijiji: bati litatoka wapi, nani anasimamia vipimo, na nani atamwagilia zege. Asipokuwa na majibu, asipige mbiu.