Duka liko mlangoni, mboga ziko mbali

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI katika vichochoro vya Kibokoni, Mombasa, harufu ya mahamri humfikia mtu kitandani. Kabla jua halijapanda, watoto wamekwisha kutumwa dukani: sukari robo, majani ya chai, mkate, mafuta ya kupima. Duka liko papo hapo, hatua chache kutoka mlangoni. Likiwa limefungwa, liko jingine pembeni.

Kwa hivyo mgeni akiambiwa kwamba katika Mji wa Kale wako watu ambao chakula bora kiko mbali nao, huenda akacheka. Lakini na aziangalie rafu za duka hilo. Ataona unga wa ngano, mchele, sukari, biskuti, soda, chumvi na mafuta ya kukaangia. Nje, ikifika jioni, ataona viazi karai, bajia na muhogo wa kukaanga. Mchicha haupo. Papai halipo.

Hilo ndilo jambo linalopaswa kutushughulisha. Chakula cha kushibisha kiko mlangoni, lakini cha kuulinda mwili kinataka safari.

UMBALI SI MAILI PEKEE

Huko Marekani, Idara ya Kilimo hutumia maili kupima jambo hili. Mkazi wa mjini huhesabiwa kuwa mbali na chakula ikiwa duka kubwa la vyakula limepita maili 1 kutoka kwake, na yule wa mashambani ikiwa limepita maili 10. Kwa kipimo hicho, Mji wa Kale hauna shida hata kidogo. Kutoka Fort Jesus hadi Marikiti, soko lililo Barabara ya Digo, hakufiki maili 1. Kijana mwenye miguu mizima hutembea robo saa akawa amefika.

Lakini kipimo hicho kinapima njia, hakimpimi mwendaji. Mchukue bibi wa miaka 70 anayekaa ghorofani, magoti yanamuuma na presha inamsumbua. Ngazi zenyewe ni nyembamba na zimesimama wima. Akishashuka, ni lazima apite kati ya mikokoteni, pikipiki na tuktuk, jua la saa tano likimchoma, kisha arudi na kikapu na kupanda ngazi zile zile. Kwake yeye, Marikiti ni mbali kama Malindi.

Mchukue na mjane aliye katika eda ya miezi 4 na siku 10, asiyetoka nyumbani ila kwa haja. Au mama mwenye mtoto mchanga mgongoni na mwingine wa kushikwa mkono. Hawa wote humtegemea mtu wa kutumwa, na anayetumwa aghalabu ni mtoto. Mtoto hatumwi katika msongamano wa Marikiti akachague nyanya. Hutumwa duka la jirani, na anacholeta ndicho kinacholiwa.

Zamani, katika nyumba nyingi za Waswahili, mzee wa nyumba ndiye aliyekwenda sokoni asubuhi na kikapu chake cha ukili, akarudi na samaki, nazi na mboga za siku hiyo. Siku hizi wengi wako kazini tangu alfajiri, na wengine wako Ghuba wakitafuta riziki. Kikapu kimetundikwa ukutani.

SAFARI YA FUNGU LA MCHICHA

Kisiwa cha Mombasa kimejaa nyumba, hakina mashamba ya kukilisha. Viazi, kabichi na karoti hutoka bara. Sehemu ya mboga huteremka kutoka milima ya Taita, machungwa mengi huvuka mpaka kutoka mkoa wa Tanga, na maembe hutoka Malindi na kwingineko Pwani. Mzigo mwingi hushushwa katika soko la Kongowea, ng'ambo ya Daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980. Hapo huuzwa kwa jumla, kisha huvushwa daraja kuingia kisiwani, ukagawanywa mafungu sokoni na kwa wachuuzi.

Kila mkono unaopokea huongeza bei, na kila saa ya joto huzidi kuyanyausha majani. Unga na sukari havina taabu hiyo, kwani hukaa rafuni miezi. Ndiyo maana mwenye duka dogo asiye na friji haoni faida ya kuweka mboga. Zisiponunuliwa leo, kesho ni taka. Tusimlaumu. Naye anapiga hesabu ya riziki yake.

Hata samaki, ambao mkazi wa mjini humu angeweza kuwaita majirani, wana msimu wao. Upepo wa kusi ukivuma na bahari kuchafuka, ngalawa ndogo hazitoki mara kwa mara. Samaki hupungua na bei hupanda.

Udhaifu huu ulidhihirika mwaka 2020, wakati wa janga la Korona. Tarehe 6 Mei mwaka huo, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka katika Mji wa Kale, na masoko na mikahawa ya humo ikafungwa. Amri hiyo ilitolewa kwa siku 15, kisha ikaongezwa hadi mapema mwezi Juni. Mtaa unaotegemea kikapu cha kila siku ukajikuta umetengwa na kikapu chenyewe.

MWILI UNADAI NINI

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani kama viganja 5 vilivyojaa. Viazi na muhogo havihesabiwi humo. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, nayo ni kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyokwisha kutiwa katika mkate na vyakula vya pakiti. Sukari ya kuongeza, kwa mtu wa kawaida, isizidi vijiko 12 vya chai kwa siku, na ikipungua nusu yake ni bora zaidi. Chupa moja ya soda ya mililita 300 hukaribia vijiko 7 au 8 peke yake.

Wakenya tuko wapi katika hesabu hiyo? Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya watu wazima hawakuwa wakifikia vile viganja 5 vya matunda na mboga kwa siku. Karibu mtu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Maradhi haya hayaji kwa kishindo. Presha na kisukari huingia kimya kimya, na mgonjwa huenda asijue mpaka macho, figo au moyo umekwisha kudhurika.

Hatusemi kwamba chakula cha Pwani ni kibaya. Mbaazi ni hazina, zina protini na nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari kuingia katika damu. Samaki, kunde, tende, ndimu na ukwaju vyote ni vyetu. Tatizo ni pale hamri nne na chai tamu zinapokuwa chakula cha asubuhi, viazi karai vikawa cha jioni, na katikati pasipite jani wala tunda.

YA KUFANYA NYUMBANI

Msomaji asingoje soko lisogezwe. Yako mambo yanayowezekana leo:

1. Nyumba tatu au nne za jirani zishirikiane. Mtu mmoja mwenye nguvu aende Marikiti mara mbili kwa wiki na kikapu cha wote. Bibi wa ghorofani na mjane wa eda wahesabiwe kwanza.

2. Nunua mboga kwa mpango. Mchicha, matembele na mnavu ziliwe siku ile ile au ya pili yake. Kabichi, karoti, boga na vitunguu hukaa siku kadhaa bila friji, mradi viwekwe penye kivuli na hewa.

3. Loweka mbaazi, kunde na maharagwe usiku kucha, kisha mwaga maji hayo. Huiva upesi na kupunguza gharama ya makaa au gesi.

4. Maji ni taabu Mombasa, na visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Hata hivyo mboga zioshwe kwa maji safi kabla ya kukatwa, si baada yake. Hivyo maji machache hutosha na virutubishi havipotei.

5. Punguza chumvi kidogo kidogo, ladha uitafute katika ndimu, ukwaju, kitunguu saumu na tangawizi. Ulimi huzoea baada ya wiki chache.

6. Mafuta yaliyogeuka rangi kuwa meusi au yanayotoa povu na moshi yasirudiwe.

7. Mtoto akitumwa dukani, atumwe pia ndizi kwa mchuuzi badala ya biskuti.

8. Aliyefikisha miaka 40 apimwe presha na sukari angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hasikii maumivu. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo azungumze na daktari kabla ya kubadilisha chakula chake.

SERIKALI NAYO

Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Katiba hiyo hiyo imeyaweka masoko chini ya serikali za kaunti. Hivyo suala la mboga kufika Kuze na Kibokoni si la akina mama peke yao.

Hahitajiki mtu kujenga soko jipya katikati ya majumba ya kale. Ingefaa mchuuzi wa mboga mwenye mkokoteni apewe leseni nafuu, saa maalumu na mahali pa kusimama penye kivuli na bomba la maji, badala ya kufukuzwa kila siku. Mchuuzi huyo akipita asubuhi, anafanya kazi ya afya sawa na muuguzi.

Lakini mwanzo ni nyumbani. Leo fungu moja la mchicha, kesho ndizi mbili, wiki ijayo jirani mmoja amekumbukwa. Haba na haba hujaza kibaba.