Juu ya Maana ya Maneno Mtandao, Mfumo na Seva

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi programu zinavyofanya kazi ndani ya seva, na kuonyesha kwamba Kiswahili kinayo tayari maneno ya kuzieleza, ila twayatumia bila kuyapambanua. Jambo hili haliwahusu mafundi wa kompyuta peke yao. Lamgusa kila mtu ambaye siku hizi hulipa ada, kodi au mrabaha kwa simu.

Chanzo cha uchunguzi huu ni mazungumzo niliyoyasikia katika ofisi moja ya ukanda wa dhahabu, kati ya Kahama na Geita. Mchimbaji mdogo, mtu mzima, alikuja kuuliza habari ya ada ya leseni yake. Alikuwa amekwisha lipa kwa simu na fedha zimekatwa, lakini stakabadhi haikuja, na siku ya mwisho ya kulipa ilikuwa kesho yake. Karani alitazama kioo cha kompyuta, akasema, "Shikamoo mzee. Mtandao umekata, njoo kesho." Mzee akajibu, "Marahaba mwanangu. Mbona simu yangu inapiga?" Karani hakuwa na la kusema. Pale kiooni palikuwa na namba 504, na namba hiyo ilionyesha kwamba ombi la karani lilikuwa limetoka ofisini na kupokewa huko lilikopelekwa.

Ili tuelewe jambo hili, yafaa tufuate safari ya ombi moja. Karani akibonyeza kitufe, kivinjari chake hupeleka ombi kwa seva. Neno seva lina maana mbili: kwanza ni ile kompyuta iliyowekwa mahali fulani kungojea maombi, na pili ni programu iliyomo ndani yake ipokeayo maombi hayo. Tim Berners-Lee alipobuni njia hii huko CERN, Geneva, na kuifungulia dunia mwaka 1991, kazi kubwa ya seva ilikuwa kutoa kurasa zilizokwisha andikwa, kama mtunza maktaba atoavyo kitabu rafuni. Lakini ada ya leseni haiwezi kuandikwa kabla, kwa kuwa kila mwombaji ana hesabu yake. Sharti iwepo programu ya kukokotoa jibu wakati ombi linapofika.

Njia ya kwanza iliyoenea ilitoka NCSA, Marekani, mwaka 1993, nayo ni CGI. Kwa njia hiyo seva iliamsha programu mpya kwa kila ombi, na jibu likiisha kutolewa programu ilikufa. Msomaji wa Geita atalifahamu jambo hili kwa mfano wa karasha la kusagia mawe: ni kama mwenye karasha aajiriye kibarua mpya kwa kila mfuko wa mawe, akamfundisha kazi, na mfuko ukiisha akamfukuza. Mifuko ikiwa michache, hasara haionekani. Ikiwa mia, muda wote waishia katika kuajiri na kufukuza. Kwa hiyo watengenezaji wa seva za biashara walitafuta njia nyingine. Netscape waliweka lugha ya JavaScript ndani ya seva yao wenyewe. Microsoft walitoa ASP mwaka 1996. Nao watu wa Java wakaleta njia yao mwaka 1997. Shabaha yao ilikuwa moja: vibarua wakae karashani siku nzima, na mfuko unaofika upokewe na yeyote aliye huru.

Faida hiyo ilikuja na hatari yake. Vibarua hao wana idadi. Wote wakiwa wanangojea hifadhidata iliyochelewa kujibu, maombi mapya hupanga foleni mlangoni ingawa njia ni nzima na umeme upo. Hapo karani husema mtandao umekata, kumbe seva imeelemewa.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mtunga programu hana budi kuyaangalia. La kwanza ni kumbukumbu. Seva kwa asili yake haimkumbuki mtu. Kila ombi ni mgeni. Kwa hiyo seva humpa mtumiaji alama ndogo iitwayo kidakuzi, naye huirudisha kila mara ajapo, na muda wa kutambuana hivyo huitwa kipindi. La pili ni muamala. Kupokea fedha na kuandika kwamba leseni imelipiwa ni matendo mawili, lakini lazima yatimie yote au lisitimie hata moja. Muamala uliokatika katikati huacha fedha bila leseni, au leseni bila fedha.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Seva hutoa jibu pamoja na namba. Zinazoanza kwa 4 husema kosa liko katika ombi, kama 404, yaani kitu kilichoombwa hakikuonekana. Zinazoanza kwa 5 husema kosa liko upande wa seva. Namba 500 ni programu iliyoharibika. 503 ni seva isiyoweza kuhudumia kwa sasa. 504 ni seva ya mbele iliyopeleka ombi kwa seva ya nyuma na kungojea jibu mpaka muda ukaisha. Na hii 504 ina tahadhari yake: haisemi kwamba kazi haikufanyika. Yawezekana seva ya nyuma ilimaliza kazi na jibu ndilo lililochelewa. Mtu akiambiwa "mtandao umekata" atadhani hakuna kilichofanyika, na huenda akalipa mara ya pili. Ndiyo maana ya ile namba ya kumbukumbu ya malipo, iliyoenea tangu mfumo wa Serikali wa GePG uanze mwaka 2017: kila deni lina namba yake, na kwa namba hiyo malipo yaweza kutafutwa na kutambuliwa.

Katika uchunguzi wa maneno, lugha yenyewe yatusaidia. Mtandao latokana na kutanda, na mafundi wa kufuma nguo waliziita nyuzi zilizotandwa kwa urefu mtande. Mfumo latokana na kufuma. Kwa hiyo asili ya maneno haya mawili ni kitanda kimoja cha mfumi, wala hayana maana moja. Mtande ni nyuzi zilizonyoshwa. Mfumo ni kazi ifanyikayo juu yake. Nyuzi zaweza kuwa nzima na mfumi amelala.

Napendekeza basi kwamba tuseme mtandao umekata pale tu ombi lisipofika. Seva imeelemewa inapofika isihudumiwe. Programu ina kosa inapohudumiwa vibaya. Na jibu limechelewa pale isipojulikana kama kazi imetimia. Seva libaki kama lilivyo, kwa kuwa limekwisha zoeleka. Panapohitajika kupambanua, tuseme kompyuta ya seva na programu ya seva.

Tangu Kamati ya Lugha ianzishwe mwaka 1930, wataalamu wa Kiswahili wamefanya bidii kusanifu maneno ya shule na ya sheria. Soko la dhahabu lilifunguliwa Geita mwezi wa Machi 2019, na mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Serikali Mtandao. Mwananchi aliyetakiwa kisheria kulipa kwa njia hii anastahili kuelezwa kwa lugha yake ni wapi fedha zake zimekwama. Mzee yule aliondoka na jibu la neno moja lisilokuwa la kweli. Laiti karani angalimwambia, "Mzee, jibu limechelewa; usilipe tena, nipe namba yako ya malipo tuitafute," angalijua la kufanya kabla ya kesho. Wasomaji wanaombwa kuyapima mapendekezo haya na kuyasahihisha.