Chombo Chenye Ufa: Magadi, Kioo na Hukumu ya Twahara

Imamu mmoja wa hapa mjini ametuuliza: bakuli la udongo lenye ngozi ya kioo, kama yauzwayo Kariakoo, likiwa na nyufa nyembamba mfano wa nywele na likawahi kutiliwa pombe, je, latwaharika kwa kuoshwa? Hukumu ya kitu hufuata kukifahamu, basi tuanze na ufa wenyewe.

Mchanga peke yake hauyeyuki katika tanuri la mfinyanzi. Ukichanganywa na magadi huyeyuka ukawa kioo. Lakini magadi mabichi huyeyuka ndani ya maji, na chombo kikikauka hupanda juu pamoja na unyevu. Kwa hiyo mafundi huyayeyusha kwanza pamoja na mchanga, hukizimua kwa maji kioo kile cha moto, kisha hukisaga. Unga huo huitwa friti. Waarabu walipata magadi yao katika majivu ya mimea ya chumvi, wakayaita al-qaly, na ndilo neno ambalo Wazungu wamelifanya alkali. Abul-Qasim wa Kashan aliyaandika haya yote mwaka 700 Hijria (1301). Shaba ikitiwa humo hutoa rangi ya feruzi, na vigae vya mitungi ya rangi hiyo vimefukuliwa Kilwa na Unguja Ukuu.

Kasoro yake ni kwamba kioo chenye magadi mengi hunywea kuliko udongo kinapopoa, kikapasuka. Abul-Qasim anaeleza udongo uliotengenezwa kwa sehemu kumi za mawe meupe yaliyosagwa, moja ya friti na moja ya udongo mweupe, na mwili wa namna hiyo huafikiana na kioo chake.

Sasa jibu. Mtume (s.a.w.) aliwakataza ujumbe wa Abdul-Qays kuloweka vinywaji katika hantam, nayo kwa kauli yenye nguvu ni mitungi ya kijani, kisha katazo likaondolewa, kwa hadithi ya Buraida iliyomo katika Sahihi Muslim. Abu Thaalaba (r.a.) naye alipouliza juu ya vyombo vya Ahlul-Kitabu, aliamrishwa avioshe akikosa vingine. Na katika madhehebu yetu ya Kishafii, kisu kilichozimwa kwa maji ya najisi hutosha kuoshwa nje. Basi bakuli lile lioshwe mpaka ladha, rangi na harufu ziondoke; linatumika.

Tunachokihofia zaidi ni risasi, ambayo baadhi ya mafundi huitia katika kioo. Asiyejua asili ya bakuli lake asiweke humo ndimu, siki wala ukwaju, kwani uchachu huitoa risasi ikaingia chakulani.