Je, Wajua? Picha za Jikoni, Sokoni na Kijiweni

Je, wajua kwamba mchoraji wa vibanda vya vinyozi aliwahi kuwashinda kwa bei wachoraji wa picha kubwakubwa? Pliny, Mroma wa karne ya 1, ameandika habari za Mgiriki aitwaye Peiraikos. Huyu alichora vinyozi, mafundi viatu, punda na vyakula. Wenye kujiona wakampachika jina la kumkebehi: mchora uchafu. Lakini Pliny huyo huyo anasema vijipicha vyake vilipendeza mno, na viliuzwa ghali kuliko kazi kubwa za wengi. Dharau ya wakubwa na mapenzi ya wanunuzi, utakutana nayo tena na tena hapa chini.

Je, wajua kwamba upo ugomvi wa wasichana wawili uliodumu miaka kama 3,400? Umechorwa ukutani katika kaburi la Menna, msimamizi wa mashamba ya Farao, karibu na Luxor nchini Misri. Wavunaji wanakata nafaka, makarani wanapima shamba kwa kamba, na katikati ya shughuli zote hizo wasichana wawili wanavutana nywele. Kwingine shambani humo, msichana mmoja anamtoa mwenzake mwiba mguuni. Kaburi lilipambwa kwa heshima ya Menna. Mimi ninayerudi kumtazama kila mara ni yule wa mwiba.

Wajua kwamba Waroma walichora picha zenye maneno juu ya vichwa vya watu, kama katuni za magazetini? Katika kilabu cha Salvius mjini Pompeii, ukuta ulionyesha wacheza dadu wawili wakibishana nani kashinda. Katika picha inayofuata mwenye kilabu anawasukuma nje, akiwaambia wakapigane huko. Mlima Vesuvius ukaufukia mji mwaka 79, na mabishano yale yamesalia mpaka leo.

Hili linatuhusu sisi wa Pwani. Mwaka 1237 Yahya al-Wasiti wa Iraki alimaliza kunakili na kupamba kitabu cha visa vya al-Hariri, chenye picha 99. Humo mna maktaba, msikiti, kijiji chenye mbuzi na kuku, na mwanamke anayejifungua. Mna pia chombo cha bahari, abiria wakichungulia madirishani, na mbao zake zimeshonwa kwa kamba. Aliyewahi kusimuliwa habari za mtepe, chombo cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari, ataijua kazi hiyo mara moja. Ila kitabu hicho hicho kina picha nyingine: soko la watumwa la Zabid, Yemen. Watu weusi wameketi wakisubiri, na juu yao kuna mizani ya kupimia fedha. Al-Wasiti hakuwabandika kama pambo pembeni ya tajiri. Aliwaweka katikati ya ukurasa. Kitabu kimehifadhiwa Paris, katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa.

Na Wachina? Zhang Zeduan alichora mji mzima kando ya mto, mwanzoni mwa karne ya 12, kwenye hariri yenye urefu wa zaidi ya mita 5 na kimo kisichofika hata sentimita 25. Patamu ni darajani: jahazi linakaribia kupita chini na mlingoti bado haujalala vizuri, watu wamejaa juu wakipiga kelele na kuelekeza mikono. Nimeitazama mara nyingi, na kila mara bado nakihofia chombo kile.

Wajua nani walioonekana pale Behzad, bingwa wa Herat, alipochora ujenzi wa kasri la Khawarnaq miaka ya 1490? Mafundi na vibarua. Mmoja yuko kwenye ngazi, mwingine anapokea tofali, wengine wanahangaika na chokaa. Mfalme hata hayumo.

Je, wajua kwamba Pieter Bruegel alikuwa mzamia harusi? Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1604, anasema Bruegel na rafiki yake mfanyabiashara, Hans Franckert, walivaa nguo za wakulima, wakabeba zawadi, wakaingia harusini wakijitambulisha kama ndugu wa bwana au bibi harusi. Akila na kucheza nao, macho yake yalikuwa kazini. Ukitazama harusi aliyoichora mnamo 1567, iliyoko Vienna, utaona chakula kikiletwa juu ya mlango uliong'olewa bawabani. Masinia hayakutosha, wageni ni wengi, mlango ukageuzwa sinia. Jambo kama hilo halibuniwi na mtu aliyekaa chumbani. Ni lazima awe aliliona.

Bruegel huyo huyo, mwaka 1560, alikusanya zaidi ya watoto 200 na michezo zaidi ya 80 kwenye ubao mmoja. Kuna wanaobebana mgongoni, wanaosimama kwa kichwa, wanaotembea kwa miti mirefu, na wanaosukuma ringi kwa kijiti. Mtoto yeyote wa Tabora au Kisumu angeingia humo na kuanza kucheza bila kufundishwa.

Je, wajua kwamba kuna mtumishi wa Kiafrika aliyekaa miaka mingi jikoni pasipo mtu kujua nini kinaendelea nyuma yake? Diego Velázquez alimchora Seville, mji uliokuwa na watumwa wengi wenye asili ya Afrika, wakati yeye mwenyewe alikuwa kijana wa miaka kama 20. Mwanamke ameinamia meza yenye vyungu, bakuli na kitunguu saumu. Kwa muda mrefu picha ilidhaniwa kuwa ya jikoni tu. Iliposafishwa mwaka 1933, rangi ya juu ikatoka na likafunuka dirisha ukutani: Yesu mezani na wanafunzi kule Emau. Sasa tunamwona mwanamke yule kama amesikia sauti nyuma yake na kusita. Tukio takatifu ni dogo, limo pembeni. Nafasi yote ya mbele kapewa mpishi. Iko Dublin, ukibahatika kufika, anza na hiyo.

Wajua kwa nini picha hizi zilidharauliwa rasmi? Mwaka 1667 Mfaransa André Félibien alizipanga picha kwa daraja kwa niaba ya chuo cha kifalme cha sanaa. Juu kabisa visa vya mashujaa na miungu, chini kabisa matunda na maua. Wapishi na wachuuzi wakaangukia madaraja ya chini. Mpangilio huo uliumiza watu. Jean-Baptiste Greuze alipendwa sana kwa picha za familia za wakulima, lakini alitaka heshima ya juu. Mwaka 1769 akapeleka chuoni picha ya Septimius Severus, kaisari mzaliwa wa Libya, akimkaripia mwanawe. Wakampokea, kisha wakamwambia amepokelewa kama mchoraji wa maisha ya kawaida. Aliondoka na uchungu, akasusia maonyesho yao kwa miaka mingi.

Waholanzi hawakungoja ruhusa ya chuo. Mwingereza Peter Mundy, aliyepita Amsterdam mwaka 1640, alishangaa kuona waoka mikate, wauza nyama, wahunzi na mafundi viatu wakitundika picha kwenye maduka na karakana zao.

Je, wajua kwamba Judith Leyster aliibiwa jina kwa karne mbili? Mwaka 1633 alikubaliwa katika chama cha wachoraji cha Haarlem, jambo adimu kwa mwanamke. Alichora wapiga zeze, wanywaji, watoto wenye kicheko. Saini yake ilikuwa herufi za jina lake na nyota, kwa kuwa Leyster ni nyota ya kuongozea. Alipokufa, kazi zake zikauzwa kwa jina la Frans Hals, kwa sababu jina la Hals lilikuwa na fedha. Mwaka 1893 mtafiti Cornelis Hofstede de Groot akaigundua ile nyota kwenye picha moja, chini ya saini ya uongo ya Hals. Nyota yenyewe ndiyo iliyomrudisha mwenyewe nyumbani.

Wajua picha mbili za Johannes Vermeer zilikwenda wapi baada ya kifo chake? Kwa muuza mikate. Vermeer alikufa mwishoni mwa 1675, ameacha mke, watoto 11 na madeni. Vita na Ufaransa vilikuwa vimeua biashara ya picha. Mjane wake, Catharina, akampa mwoka mikate wa Delft picha mbili kwa deni la mikate la zaidi ya gilda 600. Naliheshimu duka lile kuliko majumba mengi ya wafalme: lilijua thamani ya lilichopokea. Na mtu huyu aliyeshindwa kulipia mkate ndiye aliyempaka mtumishi wake amiminaye maziwa aproni ya samawati iliyotokana na jiwe la Afghanistan, moja ya rangi za bei ghali mno. Picha hiyo haifiki nusu mita kwa kimo.

Tufike kwetu. Je, wajua kwamba mwaka 1926, huko Bukama, Katanga, nchini Kongo, Mbelgiji Georges Thiry alivutiwa na michoro kwenye kuta za nyumba, akamtafuta mchoraji, Albert Lubaki, na kumpa karatasi na rangi za maji? Miaka 3 baadaye kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels.

Wajua kwamba mbege imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York? Sam Ntiro, Mchaga aliyesoma na kufundisha Makerere, mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku. Jumba lile likainunua mwaka 1960. Ntiro alirudi kila mara Kilimanjaro kwa brashi yake: migomba, mavuno, watu wakifanya kazi pamoja. Baada ya Uhuru akawa Balozi wa Tanganyika London.

Edward Saidi Tingatinga alianza Dar es Salaam miaka ya 1960 na rangi za baiskeli kwenye vipande vya ubao. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Yeye alipenda wanyama. Waliomfuata ndio walioongeza soko, kijiji na foleni ya hospitali.

Na Lubumbashi, je? Miaka ya 1970 picha zilitundikwa sebuleni kwa mfanyakazi wa mgodi kama sisi tunavyotundika za harusi. Zilichorwa juu ya magunia ya unga. Kulikuwa na mamba muntu, nusu samaki nusu mwanamke, na kulikuwa na ile waliyoiita Colonie Belge: mfungwa analazwa na kuchapwa viboko, askari wanasimamia, Mbelgiji anatazama. Wenye nyumba walieleza kwa neno moja kwa nini walitaka jambo chungu hivyo ukutani: ukumbusho. Tshibumba Kanda Matulu, aliyeishi kwa kuuza picha za namna hiyo, alichora zaidi ya 100 kuhusu historia ya nchi yake na kumweleza moja baada ya nyingine mwanaanthropolojia Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha Katanga. Kisha mchoraji akapotea, na habari zake hazikusikika tena. Magunia yake ya unga yako Amsterdam leo, mji ule ule wenye mtumishi wa Vermeer, na mkate wake mezani.