Kompyuta Mbili, Waya Mmoja

Paukwa! Pakawa! Sogeeni karibu, wajukuu zangu.

Palikuwa na dada na kaka hapa hapa Timbwani, Likoni. Kaka alikuwa na video ya harusi ya shangazi yao kwenye kompyuta yake, gigabaiti 40. Dada aliitaka kwenye yake apate kuihariri. Flashi waliyokuwa nayo ilibeba gigabaiti 8 tu. Wakapiga hesabu ya kuituma kwa intaneti. Kila baiti ina biti 8, kwa hiyo gigabaiti 40 ni gigabiti 320. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, ingechukua karibu saa 9, na bando lao lingekwisha njiani. Na kompyuta zenyewe zilikuwa juu ya meza moja!

Wakamwendea fundi jirani. "Shikamoo, ami." "Marahaba, wanangu. Video iko nyumbani na inatakiwa nyumbani. Intaneti ya nini?"

Akatoa kebo ya mtandao. Kwanza akachukua kipande kibovu, akakichuna ganda mbele yao. Ndani mlikuwa na nyaya 8 nyembamba, zimesokotwa mbili mbili: jozi ya rangi ya machungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Katika kila jozi, waya mmoja una rangi tupu na wa pili una mistari myeupe.

"Mbona zimesokotwa, ami?"

"Kelele za umeme kutoka nje huziingia nyaya zote mbili za jozi sawasawa. Kompyuta husoma tofauti iliyopo kati ya nyaya hizo, basi kelele hujifuta."

Kisha akawaeleza jambo la zamani. Kila waya huishia kwenye pini yake yenye nambari. Katika kadi za mtandao za kompyuta, pini ya 1 na ya 2 zilikuwa mdomo, ya 3 na ya 6 zilikuwa sikio. Ukiunga kompyuta mbili kwa kebo iliyonyooka, mdomo huangukia mdomo na sikio huangukia sikio; hakuna anayemsikia mwenzake. Ndiyo maana mafundi walitengeneza kebo ya kupishanisha, ambayo jozi ya machungwa na ya kijani hubadilishana nafasi upande mmoja. Kadi za siku hizi hutambua zenyewe na kupishanisha ndani kwa ndani, hivyo kebo yoyote nzima yafaa.

Wakachomeka, tak! huku, tak! kule. Taa ndogo zikawaka kando ya matundu. Lakini kompyuta hazikuonana bado, kwa kuwa hazikuwa zimepewa anwani. Nyumbani, ruta ndiyo hugawa anwani. Hapa ruta haipo. Fundi akaiandikia ya kaka 192.168.10.1, ya dada 192.168.10.2, na zote mbili akazipa 255.255.255.0, nambari inayoziambia kuwa ziko mtaa mmoja.

Kaka akaruhusu folda moja tu isomwe na wengine, ile ya harusi, akaweka neno la siri. Dada akafungua folda kwenye kompyuta yake, na pale juu akaandika \\192.168.10.1, akaulizwa jina na neno la siri, akaingia. Matundu yote mawili yalikuwa ya gigabiti 1 kwa sekunde. Video ikafika kwa dakika saba hivi. Walipomaliza, kaka akaifunga ile ruhusa. Nanyi mfanye vivyo hivyo, na msiunge kompyuta mbili kwa kebo ya kawaida ya USB: kila moja hutoa umeme, na mojawapo yaweza kuungua.

Njia hii ina wazee wake. Mwaka 1973, Robert Metcalfe na David Boggs walianza kuziunganisha kompyuta kwa waya katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Jina la kazi yao, Ethernet, tunalo mpaka leo. Na mwaka 2009 kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kutoka Fujairah kupitia chini ya bahari, kama kilomita 5,000. Humo hupita mwanga badala ya umeme, lakini masharti hayajabadilika: pawe na njia, pawe na anwani, pawe na makubaliano ya namna ya kusemezana.

Basi jifunzeni kuunga mbili vizuri. Mkiongeza swichi, kifaa chenye matundu mengi, mtaunga ya tatu, ya nne, hadi darasa zima lisome kitabu kimoja bila kununua bando.