Je, Wajua? Masomo ya Ufundi Sanifu wa Moyo

Je, wajua kwamba moyo wako hupiga takriban mara 100,000 kwa siku, hata ukiwa umelala fofofo? Huko Marekani kuna vyuo ambako kijana husomea kazi ya kuupima kwa miaka 2 tu!

Unaijua ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo? Mwanafunzi hubandika vibandiko 10: 6 kifuani, 4 mikononi na miguuni. Mashine inakupa picha 12! Hebu hesabu tena: vibandiko 10, picha 12.

Hata wewe unaweza kuisoma karatasi yake. Mapigo yakiwa yamepangika, hesabu vijumba vikubwa kati ya pigo na pigo, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Umepata vijumba 4? Moyo huo unapiga mara 75 kwa dakika!

Mashine ya leo hubebwa kwapani. Ile ya Willem Einthoven wa Uholanzi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na iliendeshwa na watu 5. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi!

Na ile sehemu ya moyo inayowasha kila pigo, unajua aliyeiona ni nani? Mwanafunzi wa udaktari! Huko Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, Martin Flack aliikuta kwenye moyo wa fuko, yule yule mchimba mashimo shambani.

Shikilia hapo. Mwaka 1929, daktari kijana wa Ujerumani, Werner Forssmann, alijipitishia mpira mwembamba kwenye mshipa wa mkono, sentimita 65, hadi moyoni. Kisha akaenda kwa miguu yake kupigwa eksirei! Mwaka 1956 akapata Tuzo ya Nobel.

Lakini anayenisisimua kuliko wote ni Vivien Thomas, mtoto wa seremala. Akiba yake ya chuo ilipotea benki ilipoanguka, akaajiriwa maabarani bila shahada yoyote. Mwaka 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins, alisimama juu ya kigoda nyuma ya daktari bingwa Alfred Blalock, akimwelekeza hatua kwa hatua kumpasua mtoto mdogo mwenye kasoro ya moyo. Fundi ndiye aliyekuwa mwalimu! Mwaka 1976 Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimtunuku udaktari wa heshima. Na unajua ulikuwa wa fani gani? Sheria!