Mbolea ya kijani: Angalia kwanza nani yumo nyumbani

Leo safu yetu ya afya inaingia bustanini, maana mchicha, nyanya na bamia za uani huanzia kwenye udongo kabla ya kufika jikoni. Udongo uliochoka hutoa mboga dhaifu, na familia nyingi huurudishia nguvu kwa samadi. Samadi ni mbolea nzuri, lakini ikitiwa mbichi kwenye tuta la mboga huweza kuleta vijidudu vya kuharisha. Tena, wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafi, ambao ni wengi hapa pwani, huhesabu kinyesi cha mnyama kuwa najisi, kwa hiyo mboga iliyoguswa nacho ni lazima isafishwe.

Ipo njia nyingine ya kusaidiana nayo, nayo ni mbolea ya kijani. Unapanda mmea, hasa wa jamii ya kunde, si kwa ajili ya kuuvuna bali kwa ajili ya kuukata na kuufukia. Kwenye mizizi yake huota vinundu vinavyokaliwa na bakteria wenye manufaa. Hao huchukua naitrojeni iliyomo hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Mmea unapooza ardhini, chakula hicho hubaki kwa mboga itakayofuata.

Swali ni je, upande mmea gani? Mabwana shamba wataangalia mvua na udongo, na ni sawa. Mimi kama tabibu nakuomba uongeze swali moja: mtoto au mbuzi akiula mmea huu, itakuwaje? Sote tulifundishwa kuwa alichopanda Muislamu kikaliwa na mtu, ndege au mnyama huwa ni sadaka kwake. Basi tusipande karibu na watoto kitu kitakachowadhuru.

KUNDE. Nyumba yenye watoto wadogo ianze na hizi. Majani yake ni mboga, mbegu zake ni chakula, na mbegu za kupanda zinapatikana sokoni. Unaweza kuchuma majani machache mwanzoni, kisha ukafukia mmea uliobaki. Ila fahamu kuwa ukisubiri uvune kunde zenyewe, sehemu kubwa ya naitrojeni itakuwa imeingia kwenye mbegu na kuondoka nazo. Amua mapema: tuta hili ni la chungu au ni la udongo?

FIWI, wengine huziita ngwara. Hustahimili ukame kuliko mimea mingi na hufunika ardhi vizuri. Mbegu zake zilizokomaa huliwa, lakini haziliwi mbichi. Ziloweke, mwaga maji, kisha zichemshe mpaka ziive kabisa.

MAREJEA. Huota haraka, huzidi magugu, na husaidia kupunguza minyoo fundo, wale wadudu wa udongoni wanaofanya mizizi ya nyanya iwe na mafundo. (Hao hawaingii tumboni mwa binadamu, usiwachanganye na minyoo ya watoto.) Kunde nyingi hushambuliwa na minyoo hao, kwa hiyo kama nyanya zako zina tatizo hilo, marejea ni bora zaidi. Lakini jamii ya marejea ina aina nyingi, na baadhi zina sumu inayoharibu ini, hasa katika mbegu. Magharibi mwa Kenya watu hula majani ya aina fulani wanayoyaita mitoo. Wao wanaijua aina yao, na hiyo si ruhusa ya kula kila marejea. Yakate kabla hayajatoa vitumba, usiyachemshe kama dawa, na mbegu zake zisichanganyike na mtama wala mahindi.

UPUPU WA BUSTANI. Huu hauwashi kama upupu wa porini. Hutambaa na kutoa majani mengi sana, na wakulima wengi wanausifu. Tatizo ni mbegu zake, zinazofanana na maharage makubwa yanayong'aa. Zina levodopa kwa wingi, dawa ile ile ambayo hospitalini hupewa wagonjwa wa Parkinson kwa kipimo maalumu. Mtu akizila ovyo hutapika, moyo humwenda mbio na akili huchanganyikiwa. Mwaka 1989, katika jimbo la Nampula nchini Msumbiji, wakati wa vita na njaa, watu zaidi ya 200 waliripotiwa kuchanganyikiwa akili kwa ghafla, na sababu iliyotajwa ni mbegu hizi. Wenyeji walikuwa na desturi ya kuzichemsha mara nyingi na kumwaga maji, lakini maji yalikuwa haba. Kama nyumbani kuna watoto, acha mmea huu. Ukiwa nao, ukate ukianza kutoa maua, na mbegu za akiba zifungie mbali na jikoni.

NAMNA YA KUFANYA
Gawa bustani matuta manne. Kila msimu tuta moja lipumzike kwa mbolea ya kijani, na mengine yaendelee kulisha nyumba. Panda mvua zinapoanza. Mmea ukishakua, ng'oa mche mmoja taratibu na upasue kinundu kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi.

Kata unapoanza kutoa maua, wakati shina bado laini. Kwa kunde ni kama wiki 6 hadi 8. Ukichelewa, shina huwa gumu na huchukua muda mrefu kuoza. Katakata kwa panga, acha majani yanyauke siku moja au mbili, kisha yafukie kwa jembe kina cha sentimita 10 hadi 15. Subiri wiki 2 hadi 3 ndipo upande mboga, kwa sababu majani yanayooza huweza kudhuru mbegu na miche michanga.

Tahadhari mbili za mwisho. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi haziliwi hata zikioshwa. Na mbolea ya kijani haikuondolei wajibu wa kunawa mikono kwa sabuni na kuosha mboga kwa maji safi, kwani mayai ya minyoo ya tumbo huweza kuishi udongoni kwa miaka.

Mtu akila mbegu asiyoijua kisha akatapika, akachanganyikiwa au macho yakawa ya manjano, mpeleke kituo cha afya haraka, na uchukue mbegu au mmea wenyewe uende nao. Utamsaidia tabibu kujua anatibu nini.